Maji Yapo

Saa mbili usiku walimleta Mbusa juu ya chukudu yake mwenyewe,
wenzake watatu wakisukuma, wa nne akibana paja kwa shati.
Breki ya mpira ilikatika kwenye mteremko wa kutoka Kibumba,
kabichi zikatangulia Goma bila dereva,
naye akapokewa na jiwe la volkeno, lile jeusi
lisiloota meno butu hata likikanyagwa miaka.

Nikampima presha. Kumi na moja juu ya tisa.
Nikasema, kijana ana nguvu. Nikaandika.
Nakiri: niliandika kwa mwandiko mzuri.

Ile tisa sikuisoma.

Shingoni, pale mama anapomgusa mtoto kujua kama ana homa,
wamo walinzi wadogo ndani ya ukuta wa mshipa,
na wengine juu kidogo ya moyo, kwenye kona.
Kazi yao ni kusema tu: umejaa, umejaa, umejaa,
kila pigo, usiku na mchana.
Damu ikipungua hawapigi yowe.
Wananyamaza.
Na kule kisogoni, kwenye shina la ubongo,
kimya hicho ndicho kinachosikika.

Basi amri zinashuka uti wa mgongo bila kumwuliza Mbusa.
Ngozi, funga. Utumbo, funga, utakula siku nyingine.
Figo, usimwage hata tone.
Moyo, kimbia: mia na thelathini, bila kituo.
Vidole vinageuka majivu ili ubongo unywe,
na jasho linatoka, jasho la baridi,
jasho la mtu aliyelala chali asiyebeba kitu.

Mwaka ule mlima ulipopasuka na mabomba yakafukiwa,
mama yangu alikuwa na bidoni moja ya njano kwa watu tisa.
Kwanza aliacha kudeki. Halafu kufua.
Halafu tukanawa nyuso kwa kitambaa kimoja, mdogo kwanza.
Sufuria ya maharage ikalala kavu.
Lakini jirani akipiga hodi, kikombe cha mgeni kilijaa,
na mama, midomo imepasuka, akasema: maji yapo.
Siku ya tano alianguka mlangoni, kikombe mkononi.

Maji yapo. Ndiyo ile kumi na moja.
Mwili wa kijana ni mwenye nyumba mwenye haya,
huficha ufukara wake
mpaka bidoni ilie.

"Muganga, nina kiu," akasema. Halafu: "Niacheni niamke,
kuna mtu ananidai." Akapigana na shuka.
Nikapima tena: nane.
Nikapima tena: mashine ikatafuta, ikatafuta, haikusema kitu.

Nikapanda kitandani nikabana paja kwa goti, goti zima,
nikapiga kelele aje daktari na sindano ya kushonea,
aje na Zihindula, mlinzi wa geti, mtu wa Kabare,
ambaye kundi lake la damu tunalijua
kama mwenye duka anavyojua deni lake.
Alikunja mkono wa shati bila kuuliza ni mtoto wa nani.
Tukapima, tukalinganisha, mikono ikitetemeka.
Mfuko ulijaa polepole, na nje redio yake
iliendelea kutangaza mechi ya watu wasiotujua.

Alfajiri labda wale walinzi walianza tena kunong'ona,
umejaa, umejaa. Sijui, hayo siyasikii.
Nilichoona mimi ni mpira mwembamba na mfuko wa mkojo,
tone moja la njano, kisha la pili,
kama bomba la nyumba iliyohamwa
linapokohoa kabla ya kukumbuka kazi yake.
Nilipiga magoti sakafuni nikayahesabu.

Mbusa akafumbua jicho moja.
"Kabichi zangu," akauliza, "ziliokotwa na nani?"